Leo Kazaliwa Nani

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni kwa baba mkwe, godoro kichwani, mke wangu nyuma yangu na masufuria. Wengi mmeuliza kama nilifunguliwa. Nilifunguliwa. Ningejua kilichokuwa kinanisubiri ndani, ningetandika godoro langu palepale barazani na kulala.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mtangazaji wa redio, hewani naitwa Kalenda. Mwenye nyumba wetu alitutoa kwa sababu asubuhi moja nilimtakia heri ya kuzaliwa mtunzi wa wimbo wa kuwasema wenye nyumba, halafu nikamtumia salamu yeye mwenye nyumba kwa jina lake kamili. Mimi niliona ni utani. Yeye aliona ni sababu aliyokuwa akiitafuta siku zote.

Kipengele changu kinaitwa Leo Kazaliwa Nani. Kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari nasema "siku kama ya leo", kisha nataja mwanamuziki aliyezaliwa, santuri iliyotoka, bendi iliyovunjika na nani alimchukulia nani mke. Watu wanateremshia chai. Siku ikiwa tupu, naazima mtu wa siku ya jirani. Wafu hawapigi simu kulalamika, na walio hai hawachukii kuzaliwa mara mbili kwa mwaka.

Ujanja huo ulifika mwisho nilipohamia kwa mtu anayewajua wote.

Baba mkwe alikuwa mpiga tarumbeta. Enzi zake walimwita Mapafu, kwa sababu aliweza kushikilia sauti moja mpaka wachezaji wakaenda kunywa maji na kurudi. Siku ya kwanza tu nilipotoka kazini alinipokea sebuleni.

"Yule mpiga besi wa leo hakuzaliwa leo."

"Baba, umejuaje?"

"Tulimlewesha siku yake. Kulikuwa na mvua. Leo unaona mvua?"

Nikasema huenda jalada la santuri lilikosea. Jalada halijawahi kukosea, mkosaji ni mimi, lakini mkwe mgeni hujitetea na chochote kilicho karibu.

Mama mkwe alikuwa anamimina chai. Redio ni yake, inakaa kwenye rafu ya jikoni, imefungwa raba ili mfuniko wa betri usidondoke. Yeye ndiye huiwasha, na kikifika kipengele changu huongeza sauti. Ni mama wa maneno machache. Jioni ile aliniuliza swali moja.

"Na wanawake, wao hawazaliwi?"

"Wanazaliwa, mama. Ila hawapendi umri wao utajwe."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu, na sikuligundua hilo mpaka Ijumaa.

Ya Ijumaa yalianzia chumbani. Chumba tulichopewa ndicho chenye tarumbeta la mzee, limetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, mdomo ukinielekea. Mke wangu alikuwa anakunja nguo.

"Ijumaa baba anatimiza sabini," akasema. "Kila mwaka siku hiyo anavaa shati la pasi na kukaa mbele ya redio. Hasemi neno. Anasubiri watangazaji wamtaje. Kipengele kikiisha anavua shati."

"Pasi anapiga nani?"

"Mama. Nani mwingine?"

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Unaniuliza? Mwaka huu mwenye kipengele ni mkwewe, analala chini ya tarumbeta lake na kula chakula chake. Asipotajwa safari hii, mimi sina pa kuuweka uso wangu. Na wewe huna chumba."

Nikaahidi. Kuahidi ni kitu ninachokiweza, hata yeye nilimpata kwa njia hiyo.

Ndipo nikaangalia tarehe, nikaketi juu ya nguo alizokwisha kukunja. Ijumaa ile ilikuwa siku ya Magoti.

Magoti kila mtu anamjua. Ujanani alikuwa akifika katikati ya wimbo anapiga magoti jukwaani, na ukumbi mzima wa wanawake unalegea. Siku hizi magoti yenyewe yamestaafu kabla yake, lakini jina limebaki. Siku yake ya kuzaliwa kituo chetu hakipigi wimbo wa mtu mwingine. Naye mwaka huu alikuwa anatimiza sabini, na alikuwa anakuja studio mwenyewe.

Nilikwenda kwa Meneja. Meneja wetu ni mama mwenye kalamu mbili nyweleni na masikio yasiyopitwa na kitu.

"Naomba nafasi ndogo tu siku ya Magoti," nikamwambia. "Kuna mzee mwingine kazaliwa siku hiyo hiyo. Alipiga tarumbeta kwenye nyimbo zote za Magoti za mwanzo."

"Ile kelele kabla ya Magoti kuanza kuimba?"

"Hiyo hiyo."

"Kalenda, siku hiyo ina mwenyewe. Ukitaja mzaliwa mwingine, utafute kituo kinachosherehekea wakwe."

"Nani kakuambia ni baba mkwe?"

"Uso wako."

Nikarudi nyumbani shingo upande, nikijiandaa kumwambia mke wangu kwamba imeshindikana. Nikakuta mambo yamekwisha kuharibika. Baba mkwe alikuwa ameambiwa. Baba mkwe alikuwa ameuambia mtaa mzima. Viti vilikwisha kuazimwa kwa jirani, redio ingehamishiwa barazani, tarumbeta limeteremshwa msumarini na linasuguliwa kwa majivu. Mama mkwe alikuwa anapiga pasi shati, polepole, kola kwanza.

"Mwanangu," mzee akaniambia, na hajawahi kuniita hivyo, "nimesikia."

Ningesema nini? Nikauliza la kuuliza.

"Baba, ni kweli wewe na Magoti mlizaliwa siku moja?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akacheka tena.

"Muulize yeye," akasema.

Mama mkwe aliisimamisha pasi. Halafu akaendelea.

Ijumaa asubuhi Magoti aliingia studio na miwani ya jua, chumba ambacho hakina hata dirisha. Watu wawili walimshika ili akae, wa tatu alibeba mto wa kuweka chini ya mguu. Nyuma ya kioo Meneja alikuwa na keki yenye sura ya Magoti kwa krimu, amepunguzwa miaka thelathini na kuongezewa nywele.

Mimi nilikuwa na mpango. Nimekatazwa kutaja mzaliwa mwingine. Sikukatazwa kutaja mpiga chombo. Ningepiga wimbo wa kwanza wa Magoti, ule ambao harusi haiishi bila kuchezwa, tarumbeta likilia ningemtaja anayelipiga, na barazani kwetu wangepiga makofi. Shati lisingevuliwa, nami ningebaki na chumba na kazi. Nilijiona nina akili sana.

"Siku kama ya leo," nikasema, "alizaliwa mzee wetu Magoti."

Fundi mitambo akaweka makofi ya kwenye mashine. Wimbo ukaanza. Tarumbeta likaingia peke yake, linapanda kama mtu anayekwea ngazi bila kushika ukuta.

"Na kwenye tarumbeta," nikasema haraka, "mnamsikia mzee anayeitwa Mapafu, ambaye namheshimu kwa sababu zangu binafsi."

Meneja alichomoa kalamu moja nyweleni. Sikumwangalia tena. Wimbo ulikwenda, Magoti kijana akaimba, kikafika kiitikio na ile sauti ya mwanamke ambayo kila mtu anaiigiza jikoni kwake bila kujua ni ya nani. Ulipokwisha, nikamgeukia mgeni wangu.

Alikuwa amevua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa ya ulevi.

"Yupo hai?" akauliza.

"Nani, mzee?"

"Mapafu."

"Yupo. Ni baba mkwe wangu. Nimepanga... nimekaribishwa kwake."

Akaikunja miwani, akaifungua. Kimya hewani ni ajali, tunafundishwa hivyo siku ya kwanza kazini. Nilikuwa nafungua mdomo ili niseme lolote aliposema yeye.

"Kalenda, leo si siku yangu."

"Unamaanisha leo si siku yako nzuri?"

"Namaanisha sikuzaliwa leo. Sijui nilizaliwa lini. Mama alisema nilizaliwa mwaka wa nzige. Nzige walikuja miaka mingi."

Fundi mitambo, kwa mazoea, akaweka makofi. Nikamwonyesha ngumi.

"Tulipata safari ya kwanza ya nje," Magoti akaendelea, "ikabidi tupate pasipoti. Tukapanga foleni. Mbele yangu alikuwa Mapafu. Afisa akamwuliza umezaliwa lini, akataja siku na mwezi na mwaka, safi kabisa. Ikafika zamu yangu. Sina. Afisa ananitazama. Nikasema, 'Kama yake.'"

"Kama yake?"

"Tarehe yote, mpaka mwaka. Afisa akaandika. Tulipotoka nje Mapafu akacheka, akaniambia, 'Sawa, itumie, lakini tukirudi uirudishe.'"

"Ukairudisha?"

"Tuliporudi nilikuwa nimeshakuwa mtu mkubwa. Magazeti yakaandika siku yangu ya kuzaliwa. Watu wakaleta zawadi. Nikamwomba Mapafu asiitaje ya kwake, maana wangeuliza. Akakubali. Mwaka mmoja kwenye sherehe, ukumbi umejaa, akashindwa kuvumilia. Akasimama katikati ya wimbo wangu, akajipigia tarumbeta lake mwenyewe, la siku yake, refu, mpaka watu wakanisahau. Usiku huo huo nikamtoa kwenye bendi." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilimfukuza mtu siku yake ya kuzaliwa, kwenye sherehe yangu."

Nilimwonea huruma, kisha nikajiudhi kwa kumwonea huruma, kwa sababu niliona kichwani lile shati la pasi barazani na miaka yote lililovuliwa bila mwenyewe kutajwa.

Mlango wa studio ukafunguliwa. Nikajua kazi imekwisha. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, yaani kikombe.

"Weka kikombe chini," Meneja akasema. Alikuwa anatabasamu, na mimi Meneja akitabasamu naogopa zaidi. "Simu zote zimejaa. Watu wanalia. Mchukue mzee, chukua gari la matangazo, mkairudishe hiyo siku. Sasa hivi. Hewani. Na kipaza sauti kisizimwe hata mtu akizimia."

"Na mimi sijafukuzwa?"

"Tutaona mtakavyorudi."

Tukaenda. Magoti nyuma na wasaidizi wake na mto, mimi mbele na keki mapajani, kila kona krimu ikinigusa tai. Njiani Magoti aliuliza kama Mapafu bado ana meno. Nikamwambia anayo ya mbele. Akasema afadhali, tarumbeta linataka ya mbele.

Barazani kwetu kulikuwa kumejaa. Majirani wamekaa kwenye viti vya kuazima, redio katikati yao, wote kimya kama waliofiwa. Mke wangu alinifuata mpaka kwenye gari.

"Amesikia?" nikamwuliza.

"Amesikia yote. Mtaa wote umesikia."

"Amekasirika?"

"Sijui. Anaangalia viatu vyake."

Baba mkwe alikuwa amesimama mbele ya mlango na shati lake, tarumbeta kwapani. Waliangaliana, yeye na Magoti. Wazee wawili, kila mmoja akitafuta kijana aliyemwacha kwenye uso wa mwenzake. Nikawasha kipaza sauti na kukisogeza. Magoti akawashika mabega wale wasaidizi wake, akashuka chini taratibu, goti moja, halafu la pili. Safari hii hakuna mwanamke aliyelegea. Mtu mmoja alisema "pole".

"Mapafu," akasema, "nimekuja kuirudisha siku yako."

Majirani wakapiga makofi, ya kweli, si ya mashine. Kwenye vipokea sauti masikioni mwangu Meneja alikuwa anasema, "Safi, safi, mwache alie." Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia. Nilimpenda kila mtu pale, hata yule mwenye nyumba wetu popote alipo. Nikamsogezea baba mkwe ile keki.

Akaitazama. "Na hii sura?"

"Tutaikwangua, baba."

Hakucheka. Mama mkwe alikuwa ametoka ndani wakati huo na sinia la vikombe, anapita katikati ya watu akiwagawia chai, kama anavyofanya wageni wakija. Kanga yake ilikuwa na majivu ya kusugulia tarumbeta. Baba mkwe akalitazama lile sinia, akalifuata kwa macho kutoka kiti mpaka kiti, na nikaona kifua chake, kile kifua maarufu, kinashuka.

"Siwezi kuipokea," akasema.

"Najua nimeichakaza," Magoti akasema kutoka chini.

"Si hivyo. Si yangu."

Makofi yalikatika.

"Mimi pia sikujua nilizaliwa lini," mzee akasema. "Nani alijua, wakati ule? Jana yake tulikuwa tumemwambia mwitikiaji wetu, mwimbaji wa viitikio, kwamba hasafiri, safari ni ya wanaume. Akalia. Akasema, 'Mnanifanyia hivi siku niliyozaliwa.' Kesho yake afisa ananiuliza tarehe, na mimi kichwani nilikuwa na hiyo moja tu. Nikaitaja. Mwaka wake nao nikauchukua." Akaelekeza kidevu kwenye sinia. "Ni yake huyu."

Watu wote wakageuka. Mama mkwe alikuwa anampa jirani sukari.

Mke wangu alimshika bega. "Mama? Leo ni siku yako ya kuzaliwa?"

"Kila mwaka," mama mkwe akasema.

"Mbona hukusema?"

"Bibi yako alikuwa mkunga, aliandika tarehe ya kila mtoto wa mtaa wake, na ya kwangu kwanza. Nimeijua tangu nipate akili. Kusema, ningemwambia nani? Baba yako ameiweka kwenye pasipoti yake. Yule pale ameiweka magazetini. Mumeo nilimwuliza kama wanawake huzaliwa, akacheka."

Hapo nilitamani keki inimeze. Nilikumbuka chai aliyokuwa akinimiminia, na pasi, na kola kwanza. Miaka yote hiyo amekuwa akimnyoshea mtu mwingine shati la siku yake mwenyewe. Niliona aibu ambayo haina mzaha ndani yake, na mimi ni mtu wa kutia mzaha hata msibani.

"Mama, nisamehe," nikasema.

Alimfuata mumewe, akamwekea lile sinia mikononi, vikombe vikigonganagongana, tarumbeta bado kwapani. Akafuta mikono kwenye kanga. Akanisogelea.

"Mkwe, hicho chombo kinawaka?"

"Kinawaka, mama."

"Watu wanasikia?"

"Nchi nzima."

Akakishika, mkono wake juu ya wangu, akakisogeza mdomoni kama mtu aliyewahi kukishika mara nyingi.

"Siku kama ya leo," akasema, na majirani wakashtuka, kwa sababu ilikuwa ile sauti, sauti ya kiitikio, imezeeka kidogo lakini ni ileile, "nilizaliwa mimi. Keki sina haja nayo. Lakini kwa kuwa leo tunarudisha vitu, kuna kingine. Ule wimbo wa harusi zenu. Aliyeuimba mnamjua. Aliyeupigia tarumbeta mmemjua leo. Sasa niwaambie nani aliutunga."

"Zima," Magoti akasema kutoka chini.

"Zima," baba mkwe akasema wakati huohuo. Tangu siku ile ya kufukuzana, lilikuwa neno la kwanza kulitamka pamoja, na walilitamka kwa pumzi moja kama watu wa bendi.

"Ukizima huna kazi," Meneja akasema masikioni.

"Usipozima huna chumba," baba mkwe akaniambia.

Mama mkwe hakumwangalia hata mmoja. Alivuta pumzi ya kusema. Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Kidole cha mke wangu kilikuwa juu ya kidole changu, na sikuweza kujua kama kinazuia au kinabonyeza.